Usijiunge na Chama Siku ya Hasira

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wa udaktari huulizana swali lile lile: kuna haja gani ya kujiunga na vyama vya kitaaluma wakati anatomia yenyewe bado haijakaa kichwani? Wapo wanaosema vyama ni vya wakubwa, tusubiri tumalize chuo. Wapo wanaojiunga kwa sababu ya fulana, vyeti na safari za mikoani. Na wapo wengi wasiojibu chochote mpaka siku wanapopatwa na shida, ndipo wanapoanza kuulizia ofisi za chama ziko wapi.

Mimi nina jibu moja, na nimelichota katika kisa ambacho nchi nzima ilikishuhudia mwaka 2012. Waliokuwa shule ya msingi wakati ule ndio leo wanazunguka wodini na makoti meupe, stetoskopu shingoni. Wengi wao wamesikia juu juu tu kwamba madaktari waligoma. Nakisimulia kwa ajili yao. Simlaumu yeyote aliyeumia. Nataka tu anayekuja nyuma aione njia.

Mwanzoni mwa Januari 2012, madaktari watarajali wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili walikuwa wakidai posho zao zilizocheleweshwa. Mtarajali, kwa asiyemfahamu, ni mtu aliyemaliza miaka mitano ya chuo na sasa anafanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi, kabla ya kupewa usajili kamili. Ndiye anayempokea mgonjwa saa nane za usiku, anayetoa damu, anayekimbiza sampuli maabara, anayeandika faili lote ili daktari bingwa akija kwenye raundi ya asubuhi akute kila kitu kipo. Kazi ni ya daktari, lakini mfukoni bado ni mwanafunzi. Mwenye nyumba Kimara au Mbagala hataki kusikia habari za Hazina kuchelewa. Anataka kodi yake.

Watarajali wakasusa. Wizara ya Afya ikaamua kuwaondoa Muhimbili na kuwahamishia hospitali nyingine. Madaktari waliowatangulia kazini wakaona wadogo zao wameonewa, wakasimama nao. Hapo jina la Jumuiya ya Madaktari likaanza kusikika kila siku redioni, kamati yake ikiongozwa na Dk. Steven Ulimboka. Kabla Januari haijaisha, mgomo ulikuwa umeenea.

Tarehe 9 Februari, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikwenda Muhimbili kukutana nao. Akatangaza kwamba Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya, Blandina Nyoni, na Mganga Mkuu wa Serikali, Dk. Deo Mtasiwa, wamesimamishwa kazi. Madaktari wakarudi wodini. Machi wakasimama tena, safari hii wakitaka waziri na naibu wake waondoke. Rais Jakaya Kikwete akakutana na viongozi wao Ikulu, na mgomo ukasitishwa. Mei baraza la mawaziri likapanguliwa, Dk. Hussein Mwinyi akapewa Wizara ya Afya.

Kisha ikaja Juni. Mazungumzo yalikwama kwenye fedha. Madaktari walitaka daktari anayeanza kazi alipwe mshahara wa shilingi milioni 3.5 kwa mwezi. Serikali ikasema haina uwezo huo. Shauri likafika Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, na amri ya kuzuia mgomo ikatolewa. Tarehe 23 Juni mgomo ukaanza hata hivyo. Usiku wa tarehe 26 Dk. Ulimboka akatekwa, na kesho yake akapatikana Mabwepande, pembezoni mwa jiji, akiwa ameumizwa vibaya. Baadaye akapelekwa Afrika Kusini kwa matibabu. Unyama ule nauacha nje ya funzo hili. Ni jinai, na mtu aliyetendewa jinai hana cha kufundishwa kutokana nayo. Wa kuulizwa ni walioitenda.

Funzo langu liko kwa wale ambao majina yao hayakusomwa kwenye taarifa ya habari. Hospitali ziliwarudisha watarajali wizarani. Suala lao likafikishwa kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, chombo chenye mamlaka ya kutoa usajili na kuuondoa. Usajili wao ulikuwa wa muda, na ukasimamishwa. Kijana aliyesoma miaka mitano, ambaye kijijini kwao walishaanza kumwita "dokta", akajikuta hana wodi, hana posho, na hana uhakika kama ataruhusiwa tena kumgusa mgonjwa. Miezi ilipita, mashauri yakasikilizwa, radhi zikaombwa, kabla wengi wao hawajarudi kumalizia mwaka wao. Rais wa Chama cha Madaktari Tanzania, MAT, naye alifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa tuhuma za kupuuza amri ya mahakama.

Angalieni mpangilio wa mambo. Mgomo ulianza na posho ya mtarajali, ukaishia kwa mtarajali kupoteza hata ile nafasi ya kuidai. Aliyekuwa na haki iliyo wazi kuliko wote ndiye aliyelipa mapema kuliko wote. Ilikuwaje? Jibu liko katika dalili ambazo zilikuwepo tangu mwanzo, zikapuuzwa.

Dalili ya kwanza ilikuwa majina mawili katika mdomo mmoja. Leo tamko linatoka MAT, kesho linatoka Jumuiya ya Madaktari, na waliokuwa ukumbini ni watu wale wale. MAT ni chama cha kitaaluma, chenye usajili, katiba na viongozi waliochaguliwa. Jumuiya ilikuwa mkusanyiko wa madaktari wenye uchungu mmoja, na serikali ilisema wazi kwamba haiitambui kisheria. Wakati mambo ni shwari tofauti hiyo haimshughulishi mtu. Mambo yakichafuka, ndiyo inayoamua nani ataandikiwa barua, nani atasimama mbele ya hakimu, na nani atakuwa na wakili. Mkusanyiko usio na usajili hauna muhuri, hauna akaunti ya benki ya kumlipa wakili, wala hauna kifungu kinachosema utamtetea nani.

Sasa jiulize, ndugu yangu wa mwaka wa tatu: kundi la WhatsApp ulilomo, lile lenye nembo ya nyoka na fimbo, ni la chama gani? Msimamizi wake alichaguliwa na nani? Akiandika usiku kwamba "tumeazimia", ni nani hao walioazimia, na akidi ilitimia? Kuuliza si ujinga. Lakini kwenye kundi lenye moto, anayeuliza akidi huonekana msaliti, na wengi wetu hunyamaza ili tusiitwe hivyo.

Dalili ya pili ilikuwa sheria, na haikufichwa popote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja huduma za afya miongoni mwa huduma za lazima, pamoja na maji, umeme, zimamoto na uongozaji wa ndege. Wafanyakazi wa huduma hizo wamewekewa katazo la kugoma, na migogoro yao imepangiwa njia nyingine. Unaweza kuiona sheria hiyo si ya haki, na ukawa na hoja nzuri. Hata hivyo ilikuwepo, miaka minane kabla ya mgomo. Chama kinachowapeleka vijana mahali hapo kina wajibu wa kuwaambia: sheria inasema hivi, sisi tumeamua hivi, na gharama inaweza kuwa hii. Na kijana naye ana wajibu wa kuuliza kabla hajanyoosha mkono.

Dalili ya tatu ilikuwa aina ya usajili. Chumba kimoja cha mkutano kinaweza kumkusanya daktari bingwa, daktari wa kawaida, mtarajali na mwanafunzi, wote wakipiga makofi pamoja. Wakitoka nje hawafanani. Bingwa ana usajili kamili, ajira ya kudumu, na pengine zahanati anayojishikiza jioni. Mtarajali ana kibali cha muda ambacho kazi yake ni kumfikisha kwenye kibali kingine. Mwanafunzi hana hata hicho. Ana namba ya chuo tu, na chuo kina sheria zake za nidhamu. Kura zao zinahesabiwa sawa, lakini hawaadhibiwi sawa. Aliyeandaa mkutano asipolisema hilo waziwazi, basi mdogo anabeba mzigo ambao hajaonyeshwa uzito wake.

Dalili ya nne ilikuwa historia. Muhimbili ilishuhudia mgomo wa madaktari mwaka 2005 pia. Kumbukumbu zilikuwepo, na waliopitia walikuwepo, wengine bado wakifanya kazi majengo yale yale. Lakini sisi katika fani hii tuna ugonjwa wa kusoma historia ya mgonjwa kwa makini, kuanzia alivyozaliwa, na kutosoma kabisa historia yetu wenyewe. Mwanafunzi anaweza kukutajia matawi yote ya ateri ya shingo bila kukosea, ila hajui chama anachokilipia ada kilipita wapi miaka kumi iliyopita.

Ya tano ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu ilikuja imevaa sura ya ushindi. Februari wakubwa wawili walisimamishwa kazi. Machi milango ya Ikulu ilifunguka. Mei waziri akaondoka. Ukipata matokeo hayo mfululizo unaacha kuuliza kwa nini yametokea. Unaamini njia ndiyo hiyo hiyo daima. Ni sawa na daktari anayeandika dawa ile ile kwa mgonjwa aliyepona nayo mara mbili, bila kupima tena, na safari hii ugonjwa si ule. Dai la Februari lilikuwa kuwaondoa watu, na watu huondolewa kwa tangazo moja. Dai la Juni lilikuwa bajeti ya nchi, tena mwezi ule ule ambao Bunge linaipitisha. Madai yalikuwa yameongezeka njiani: mshahara, posho ya mazingira hatarishi, nyumba, bima ya afya. Mengi yalikuwa ya kweli kabisa. Lakini kadiri orodha ilivyorefuka, ndivyo posho ya mtarajali ilivyozidi kushuka chini ya ukurasa.

Na kulikuwa na dalili nyingine kule wodini. Ndugu walikuwa wakiwabeba wagonjwa wao na kuwatafutia hospitali nyingine, wengine kwa teksi, wengine kwa bajaji. Mtu aliyemwona mama yake akigeuziwa mlango haingii kwenye hoja ya mishahara. Mwanzoni wananchi wengi waliwaelewa madaktari. Nao wanazijua wodi zetu, wamelala sakafuni humo. Uelewa huo ulikuwa mtaji, na ulikuwa unapungua kila siku iliyopita bila anayeuhesabu.

Nikijitazama, sioni sababu ya kujiona mwerevu kuliko vijana wale. Ningekuwa na umri wao, nadaiwa kodi, na mwenzangu niliyekesha naye leba ameambiwa afungashe, ningenyoosha mkono kabla mwenyekiti hajamaliza kusoma hoja. Mnajua mikutano yetu ilivyo. "Wanaounga mkono?" Msitu wa mikono. "Wanaopinga?" Miguno, kisha kicheko, kisha mtu anageuka kuangalia ni nani huyo aliyekaa kimya. Mwenye ujasiri wa kuuliza "tukishindwa je?" katika dakika ile ni mtu aliyezoea kuuliza maswali hayo siku za amani. Mazoezi hayo hayapatikani ukumbini siku ya hasira. Hupatikana mapema, katika vikao vidogo visivyo na kamera, na ndiyo maana nasema mwanafunzi ajiunge na vyama akiwa bado mwanafunzi.

Ajiunge vipi, basi?

Aanzie nyumbani. Tanzania kuna TAMSA, chama cha wanafunzi wa udaktari, ambacho ni mwanachama wa shirikisho la kimataifa la IFMSA lililoundwa mwaka 1951. Kwa Afrika kuna FAMSA, iliyoanzishwa mwaka 1968. Humo kuna kamati za afya ya jamii, afya ya uzazi, elimu ya udaktari, haki za binadamu na kubadilishana wanafunzi na nchi nyingine. Wengi huikimbilia ile ya mwisho kwa sababu ina ndege. Si vibaya. Lakini nawasihi mpitie kwanza kazi zinazokimbiwa: ukatibu, uweka hazina, ukaguzi wa hesabu. Anayeandika muhtasari wa kikao hujifunza jambo ambalo mpiga makofi hajifunzi kamwe: kwamba maneno ya ukumbini na azimio lililoandikwa ni vitu viwili. Ukishaandika mihtasari kadhaa, na kuona kikao kinachofuata watu wakikana walichokisema, hutakubali tena kuunga mkono jambo ambalo halijaandikwa.

Baada ya hapo avitazame vyama vya fani. MAT ina mikutano ya mwaka na makongamano ya kisayansi. Mwanafunzi anaweza kwenda kusikiliza, kusaidia mezani pa usajili, hata kupeleka utafiti wake. Kuna chama cha madaktari wanawake, MEWATA, kilichoanzishwa mwaka 1987, ambacho kimejulikana sana kwa kampeni za uchunguzi wa saratani ya matiti. Kuna AGOTA ya mabingwa wa uzazi na wanawake, kuna PAT ya madaktari wa watoto. Kijana aliyekaa siku nzima kwenye kampeni ya uchunguzi, akiandika majina ya akina mama waliotoka mbali, akimwelekeza huyu kwenye foleni na kumtafutia yule kiti, anajifunza chama ni kitu gani bila kuhutubiwa. Anaona nani anakuja saa kumi na mbili asubuhi kupanga meza, na nani anakuja saa nne kupigwa picha. Siku ya mtihani mkubwa atajua amfuate nani.

Halafu atofautishe vyombo vitatu ambavyo watu huvichanganya. Chama cha kitaaluma kinalinda ujuzi na heshima ya kazi. Ndivyo ilivyo MAT. Chama cha wafanyakazi kinajadiliana na mwajiri kuhusu mishahara na mazingira ya kazi. Kwa watumishi wa afya wa serikali kuna TUGHE. Baraza linasajili na kuadhibu kwa niaba ya umma. Hilo si lako wala si la mwenzako, na halikuundwa kukutetea. Ukiwa na shida ya posho ukaipeleka kwenye chama cha kitaaluma, kitakuonea huruma, kitaandika barua, lakini nguvu zake zina mpaka. Mpaka huo ujue mapema.

Majirani zetu wa Kenya wanatuonyesha tofauti hiyo. Wao wana chama cha wafanyakazi cha madaktari, KMPDU, kilichosajiliwa mwaka 2011. Mwaka 2013 kilitia saini na serikali mkataba wa pamoja, na mkataba huo ulipokosa kutekelezwa, madaktari waligoma kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, siku 100. Haikuwa njia nyepesi. Februari 2017 viongozi saba wa chama walifungwa jela kwa kudharau mahakama, kabla ya kuachiwa kwa amri ya Mahakama ya Rufaa siku chache baadaye. Wagonjwa nao waliteseka, na hilo tusilifunike. Lakini waliokwenda jela walikuwa viongozi waliochaguliwa na wanachama, wenye mawakili, wakishikilia karatasi yenye saini za pande mbili. Na serikali ilipotaka mwaka 2024 kuwalipa watarajali shilingi za Kenya 70,000 badala ya 206,400 zilizokuwa kwenye makubaliano ya 2017, watarajali wale hawakuanza kutafuta pa kusimama. Palikuwepo, pameandaliwa na waliowatangulia. Mgomo uliodumu kuanzia katikati ya Machi hadi Mei mwaka ule ulikuwa na hoja ambayo mtoto wa sekondari angeielewa: mliandika hivi, mlipe hivi.

Najua yupo atakayesema naifundisha damu changa woga. Kwamba kama kila mtu angesoma vifungu kabla ya kusimama, hakuna ambaye angesimama. Naiheshimu hoja hiyo. Posho ya mtarajali ilicheleweshwa kweli, na kunyamaza kungekuwa kosa pia. Lakini kusoma katiba hakumfanyi mtu mwoga. Kunamfanya achague vita vyake, ajue anapigana na nani, na ajue nyuma yake yuko nani. Mwaka 2012 ujasiri ulikuwa mwingi. Kilichopungua ni watu wa kuuliza, kila hatua, mdogo kuliko wote humu ndani tumemwekea ulinzi gani.

Basi, wadogo zangu, fanyeni hivi. Muhula huu ombeni katiba ya chama chenu, ile iliyosajiliwa, siyo muhtasari wa kwenye simu. Isomeni mkiwa watatu wanne, jioni moja, kwa utulivu ule ule mnaosomea fiziolojia. Tafuteni mambo haya: chama kimesajiliwa wapi na kama nini, mwanafunzi na mtarajali wana hadhi gani ya uanachama, akidi ni wangapi, nani ana mamlaka ya kutoa tamko kwa jina la wanachama wote, fedha zinakaguliwa na nani, na mwanachama akishtakiwa mbele ya Baraza kwa jambo lililoamuliwa na chama, chama kitamfanyia nini. Hilo la mwisho mara nyingi mtalikosa. Mkilikosa, kazi yenu ya kwanza kama wanachama mmeshaipata: pelekeni hoja kwenye mkutano mkuu kwamba kifungu hicho kiandikwe, sasa, wakati hakuna mgogoro wala aliyekasirika.

Msichukue vyeo vitatu kwa mpigo. Chama kitakachokufanya ukose wodi na kukamata sapu hakijakusaidia, na hakuna mgonjwa atakayejali kwamba ulikuwa katibu mwenezi. Lipeni ada yenu kwa wakati, hata kama ni ndogo, na mdai risiti. Asiyelipa ada hana mdomo wa kuuliza hesabu. Mtafuteni mwanachama wa siku nyingi, mmoja, mwenye subira, mumwombe awasimulie chama kilivyopita vipindi vigumu. Wengi wao wanasubiri kuulizwa. Na mtakapokuwa wakubwa, mkakaa meza kuu, na mbele yenu wakakaa watarajali wenye macho mekundu ya kukesha, msiwahesabu mikono kabla hamjawaeleza mkono huo unaweza kuwagharimu nini.